Studio za Nairobi, mnaharibu rekodi za watu halafu mnatoza pesa kwa uharibifu huo!

Wadau, nimeshikwa na hasira na sitaificha.

Kwaya yetu huku Eastlands imechanga pesa kwa muda mrefu ili itoe albamu. Akina mama walitoa kwenye chama chao, vijana wakaosha magari Jumamosi baada ya Jumamosi. Tulirekodi wenyewe kanisani, usiku, matatu zikishapungua barabarani, kwa biti 24 (ndio undani wa kila kipimo) na kiwango cha sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani vipimo 48,000 vya sauti kila sekunde. Tulichagua 48,000 kwa sababu kamera nazo zilikuwepo, na hicho ndicho kiwango cha kazi za video. Rekodi zilitoka safi. Kilichobaki ni kazi ndogo tu: kugeuza nyimbo ziwe 44,100 kwa biti 16, ndivyo CD inavyotaka, tuzichome kwenye CD, maana wazee wetu wengi bado wana redio za CD nyumbani. Tukazipeleka studio moja mjini, karibu na River Road. Jina silitaji. Pesa walichukua zote kabla ya kugusa faili hata moja.

Tulichorudishiwa ni aibu tupu.

Mwalimu wa kwaya aliketi kwenye kinanda afuatishe wimbo wa kwanza. Wimbo huo tuliuimba kwa F. Akabonyeza F, haukubali. Akashuka E, bado. E flati, bado. Sauti imekaa katikati ya E na E flati, mahali ambapo kinanda hakina kitufe kabisa! Soprano wanasikika kama watu walioamshwa usingizini, besi wananguruma. Wimbo wa dakika 4 umekuwa wa dakika 4 na sekunde 21. Aliyekuwa anahariri video akatupigia simu kuuliza mbona midomo inafunga na sauti bado inaendelea.

Mtu wa kazi hii akiziona hizo namba tu anajua kilichofanyika. Gawanya 48,000 kwa 44,100, unapata 1.088. Zidisha sekunde 240 kwa hiyo, unapata 261. Yaani hawakugeuza chochote! Walichofanya ni kubadilisha namba iliyoandikwa kwenye kichwa cha faili, yaani maelezo ya mwanzo yanayoiambia mashine isome kwa kasi gani, sampuli zikabaki zile zile. Mashine inaambiwa isome 44,100 kila sekunde, na ndani kuna 48,000 za kila sekunde tuliyoimba. Lazima wimbo uburute, na lazima sauti ishuke karibu robo tatu ya toni. Hiyo mnaitoza pesa?

Nilipolalamika, kijana wa pale akaniambia, "Bosi, hiyo shida ni ya redio yenu." Nikamchezea kwenye kompyuta yake mwenyewe, spika zake mwenyewe, na kinanda cha simu kando. Akanyamaza. Halafu, "Sawa, tutarekebisha."

Wakarekebisha, na urekebishaji ndio ulionifanya nifungue uzi huu. Safari hii F ni F na muda ni ule ule, kwa hiyo asiye makini angepokea ashukuru aende. Lakini sikiliza kayamba. Kayamba yetu ilikuwa inachakacha kavu, nyepesi, nyuma ya sauti za watu. Sasa ina kitu kingine kinachoisindikiza, mchanga fulani wa chuma unaopanda na kushuka nayo. Na kila mwimbaji akifika kwenye S au SH, kuna mkwaruzo ambao haukuwa kanisani. Mama mmoja wa alto aliniuliza kama maikrofoni ilikuwa mbovu. Maikrofoni ilikuwa nzima, mama, na sauti yako ilikuwa nzima pia.

Nieleze vizuri, kwa sababu najua kuna watu wataandika hapa kwamba nalalamikia vitu visivyosikika.

Kutoka 48,000 kwenda 44,100 hakuna njia ya mkato. Uwiano wake ni 160 kwa 147. Programu inayofanya kazi kwa haki hufanya kama vile imepenyeza nafasi tupu 146 kati ya sampuli na sampuli, ikapitisha yote kwenye chujio kali linaloondoa kila kitu kilicho juu ya 22,050 Hz (Hz ni mitetemo kwa sekunde, na hiyo ni nusu ya 44,100), kisha ikachukua sampuli moja katika kila 160. Chujio ndilo kazi yenyewe. Huwezi kuhifadhi sauti inayozidi nusu ya kiwango cha sampuli; ukilazimisha, haipotei, inakunjwa na kurudi chini ikiwa sauti nyingine isiyohusiana na muziki wako.

Programu ya uvivu huchora mstari ulionyooka kati ya sampuli mbili, ikaokota namba mahali inapopataka. Mstari huo hauondoi vivuli, yaani nakala za uongo za kila mlio, vinavyozaliwa juu. Chukua mlio wa kayamba wa 10,000 Hz. Kivuli chake kinakaa 38,000, yaani 48,000 toa 10,000. Kikiingizwa kwenye 44,100 bila kuchujwa, kinatua kwenye 6,100 Hz, katikati kabisa ya eneo la S na SH! Mlio wa 15,000 unatua 11,100. Kila mlio wa juu unafuatwa na mwizi aliye 3,900 Hz chini yake. Huo ndio ule mchanga wa chuma.

Sikutaka kubahatisha. Nilitengeneza kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, mlio mmoja unaopanda polepole kutoka 20 hadi 20,000 Hz, kwa 48,000, nikawapelekea waupitishe kwenye programu ile ile waliyotumia kwa kwaya. Nikafungua jibu kwenye mwonekano wa spektrogramu, picha inayoonyesha milio ya juu na ya chini kadiri muda unavyokwenda. Panapofaa kuwa na mstari mmoja unaopanda, kuna wa pili chini yake unaoufuata, na unazidi kukolea kadiri mlio unavyopanda. Kisha nikaugeuza mlio ule ule mwenyewe kwa SoX, programu nyingine ya kugeuza sauti. Mstari mmoja. Safi. SoX ni ya bure, na Audacity ni ya bure na ukiisafirisha faili kwa ubora wa juu inageuza vizuri sana. Hakuna mtu aliyehitaji kununua chochote!

Na nyimbo mbili zina mipasuko kwenye vilele, kwa sababu walizipandisha sauti hadi dari, yaani kikomo cha faili, kabla ya kugeuza. Ukigeuza kiwango, umbo la wimbi linachorwa upya na vilele vinaweza kuzidi pale vilipokuwa. Unaacha desibeli moja au mbili za nafasi, basi. Ditha, ule mvumo mdogo sana unaoongezwa makusudi unaposhuka kutoka biti 24 hadi 16 ili kuficha mikwaruzo, nayo hakuna, mwangwi wa kanisa unamalizikia kwa mikwaruzo.

Jibu la mwenye studio, mtu mzima kabisa: "Watu wanasikiliza kwa simu, hakuna atakayejua." Hilo ndilo limeniuma kuliko pesa. Kwamba kwaya ya mtaani haistahili kazi sahihi kwa sababu wasikilizaji wake wana simu za bei nafuu. Hata simu ya bei nafuu inacheza 6,100 Hz, bwana! Huo mkwaruzo ndio utakaosikika kwanza kwenye spika ndogo.

Halafu kuna hawa wanaodai 44,100 ni namba ya ajabu isiyogeuzika vizuri. Namba hiyo ina historia yake: sauti za dijitali za mwanzo zilihifadhiwa kwenye kanda za video, sampuli 3 kwa kila mstari, mistari 245 mara 60 kwa sekunde, au mistari 294 mara 50 kwa sekunde. Zote mbili zinatoa 44,100. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilikuja nayo. Njia ya kuigeuza inajulikana tangu zamani na imeandikwa kila mahali.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Wewe mwenye studio, najua unapita humu: turudishie pesa za kugeuza, zote, kabla ya Jumapili, kwa ile namba ya M-Pesa uliyotupigia nayo. Faili za asili tunazo, nitazigeuza mwenyewe. Na ninyi wenye kwaya na bendi, msilipe kabla hamjawapelekea ule mlio unaopanda na kuangalia wanarudisha mistari mingapi. Anayeutaka aniandikie kwenye kisanduku, nitamtumia bure.