Naomba ushauri: kusoma chati za hisa za DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam) kwa bei na wingi wa mauzo

Wakuu, habari zenu. Najifunza kununua na kuuza hisa kwa kufuata chati, na nimekwama kwenye wingi wa hisa zinazouzwa kwa siku.

Masomo mengi ya mtandaoni yanatumia hisa za Marekani. Kanuni naielewa: bei ikivuka kiwango ilichokuwa inagonga na kurudi, na hisa zilizouzwa ni nyingi kuliko kawaida, basi wanunuzi wapo kweli. Ikipanda kwa mauzo kiduchu, usiiamini haraka.

Ila hapa Dar es Salaam hali ni nyingine. Hisa za benki za CRDB na NMB walau zinatembea, lakini zipo kampuni zinazomaliza siku nzima bila hisa hata moja kuuzwa, na kwenye chati unaona mstari umelala tu. Halafu ghafla nguzo ya mauzo (ile inayoonyesha wingi wa hisa zilizouzwa siku hiyo) inaruka juu, kumbe mwekezaji mmoja mkubwa kamuuzia mwenzake kwa makubaliano. Hiyo nayo ni ishara? Na bei ikishuka baada ya tarehe ya mwisho ya kustahili gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa), mnaitofautishaje na watu kuikimbia hisa?

Wenye uzoefu, mnatumia chati ya siku au ya wiki? Mimi naona ya wiki inalifaa zaidi soko letu, lakini nirekebisheni. Hela yenyewe ni akiba ya familia, kwa hiyo nataka nielewe vizuri kabla sijampa dalali oda yoyote.