Kama Uingereza haina kitabu cha katiba, nani humzuia waziri mkuu?

Kijana wa Katuba:

Nawasalimu wote, wazee na ndugu zangu. Tangu Oktoba 2024, Rais wetu wa Kongo, Félix Tshisekedi, alipotangaza akiwa Kisangani kwamba ataunda tume ya kutayarisha katiba mpya, mabishano juu ya kifungu cha 220 cha katiba yetu, kinachokataza kubadilisha idadi na urefu wa vipindi vya rais, hayajakoma hapa Lubumbashi, iwe chuoni, iwe nje ya kanisa baada ya ibada, iwe ndani ya taksi. Kuna hoja moja ninayoisikia mara kwa mara: kwamba Waingereza wanaishi vizuri bila katiba, kwamba Bunge lao hubadilisha lolote siku yoyote, na kwamba sisi tunajifunga bure kwa vifungu visivyoguswa.

Naomba kueleweshwa na wanaoufahamu utawala wa nchi ile. Je, ni kweli hawana katiba? Waziri mkuu wao hupatikana vipi, maana sijawahi kusikia raia wote wakimpigia kura? Na kama hakuna kifungu kilichofungwa, nani humzuia anayetawala asifanye apendavyo?

Mwalimu wa Ruashi:

Mwanangu, katiba wanayo. Wasichokuwa nacho ni maandishi yaliyokusanywa pahali pamoja na kuwekwa juu ya sheria nyingine zote. Sehemu ya katiba yao imo katika sheria zilizopitishwa na Bunge kwa karne nyingi, kama ile Sheria ya Haki ya 1689 iliyomkataza mfalme kutoza kodi bila idhini ya Bunge, au sheria za 1998 zilizoipa Scotland Bunge lake na kuingiza haki za binadamu katika mahakama za nchi. Sehemu nyingine imo katika hukumu za majaji, na sehemu kubwa ni desturi ambazo hazikuandikwa katika sheria yoyote. Hakuna sheria inayomlazimisha mfalme kuukubali muswada uliopitishwa na Bunge. Hata hivyo, mtawala wa mwisho kukataa alikuwa Malkia Anne, mwaka 1708.

Kuhusu waziri mkuu, raia wa kule humchagua mbunge wa eneo lake tu. Nchi imegawanywa katika maeneo 650 ya uchaguzi, kila eneo lina kiti kimoja, na anayewazidi wenzake kwa kura hukichukua hata kama hakufikia nusu. Kisha mfalme humwita kiongozi anayeweza kuungwa mkono na wengi katika Baraza la Makabwela, yaani baraza la hao waliochaguliwa, ili aunde serikali. Kwetu rais ana kura zake na muda wake, ndiyo maana serikali ya waziri mkuu wetu Ilunga Ilunkamba ilipoangushwa Januari 2021, rais alibaki pale pale. Waziri mkuu wa Uingereza hana pa kujificha namna hiyo. James Callaghan alishindwa katika kura ya imani Machi 1979, kura 311 dhidi ya 310, akalazimika kwenda kwenye uchaguzi, na mwezi Mei Margaret Thatcher akachukua nafasi yake.

Hapo ndipo vyama vinapoingia, na hapa nakuomba utie maanani zaidi kuliko kwenye hizo tarehe. Chama huwabana wabunge wake: kina viranja wanaohakikisha kwamba kura zinapigwa kama uongozi unavyotaka, na mkaidi anaweza kuondolewa katika kundi la wabunge wa chama, kama waziri mkuu Boris Johnson alivyowaondoa wenzake 21 wa chama cha Conservative mnamo Septemba 2019. Lakini wabunge nao humbana kiongozi. Johnson huyo huyo, aliyeshinda uchaguzi wa Desemba 2019 kwa wingi mkubwa wa viti, aliangushwa Julai 2022 na mawaziri wake mwenyewe waliojiuzulu mmoja baada ya mwingine. Liz Truss aliyemfuata alichaguliwa na wanachama wa chama, ambao hawakufika laki mbili katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 60. Serikali yake ikatangaza kupunguza kodi bila kuonyesha fedha zitakazoziba pengo, masoko ya fedha yakatikisika, na baada ya siku 49 alikuwa ameondoka. Akaingia Rishi Sunak. Mawaziri wakuu watatu katika mwaka mmoja, bila uchaguzi mkuu hata mmoja!

Wako wanaoiona hali hiyo kuwa fujo. Mimi naiona kuwa ndilo kufuli lenyewe. Anayetawala anaweza kuondolewa na watu wa upande wake, kwa sababu kila mmoja wao anawaogopa wapigakura wa eneo lake kuliko anavyomwogopa mkubwa wa chama. Wanaobishana nawe wamechukua kipande kimoja cha utaratibu huo, kile cha kutokuwa na vifungu vilivyofungwa, na wameacha kipande kinachowafanya Waingereza wauvumilie.

Wakili wa Kampemba:

Nakuheshimu, Mwalimu, na maelezo yako juu ya waziri mkuu nayakubali. Ila nadhani unawaamini wabunge kupita kiasi. Kumwondoa mtu ni jambo moja, na kuzilinda kanuni za mchezo ni jambo jingine.

Tazama kilichotokea kwa sheria ya 2011 iliyoweka muda maalumu wa Bunge. Mwaka 2010 hakuna chama kilichopata viti vya kutosha, hivyo David Cameron wa Conservative na Nick Clegg wa Liberal Democrats wakaunda serikali ya pamoja. Kila mmoja alihitaji uhakika kwamba mwenzake hatavunja ndoa mapema, wakapitisha sheria kwamba uchaguzi utafanyika kila baada ya miaka mitano, na kwamba ili uitishwe kabla ya hapo, serikali isipoangushwa kwa kura ya kutokuwa na imani, zinahitajika theluthi mbili za wabunge wote. Ilionekana kuwa badiliko kubwa la katiba, kwa kuwa waziri mkuu alinyang'anywa uwezo wa kuchagua siku inayomfaa. Mwaka 2017 Theresa May aliomba uchaguzi wa mapema na akapewa kwa kura 522 dhidi ya 13. Mwaka 2019 Johnson aliomba mara tatu asifikie theluthi mbili. Basi serikali yake ikaleta muswada mfupi wa kutaja tarehe ya uchaguzi, uliohitaji wingi wa kawaida tu, na ukapita. Mwaka 2022 sheria yenyewe ikafutwa. Kufuli la theluthi mbili lilifunguliwa kwa wingi wa kawaida, kwa sababu katika nchi ile Bunge la leo haliwezi kulifunga Bunge la kesho.

Na wingi huo unatoka wapi? Katika uchaguzi wa Julai 2024 chama cha Labour kilipata asilimia 33.7 ya kura na viti 411. Chama cha Reform UK kilipata asilimia 14.3 na viti 5, wakati Liberal Democrats, wenye asilimia 12.2, walipata viti 72. Yaani theluthi moja ya wapigakura inatosha kukikabidhi chama uwezo wa kugusa karibu kila kitu.

Mahakama husaidia, lakini kwa mipaka. Septemba 2019 majaji wote 11 waliosikiliza kesi katika Mahakama ya Juu waliamua kwamba Johnson alikosea kisheria alipositisha vikao vya Bunge kwa wiki tano, na wabunge wakarudi kesho yake. Huo ulikuwa uamuzi mzuri sana. Hata hivyo, mahakama hiyo inaweza kuizuia serikali; haiwezi kuifuta sheria iliyopitishwa na Bunge, kama Mahakama yetu ya Katiba inavyoweza.

Ndiyo sababu mimi nasimama na kifungu cha 220. Januari 2011 wabunge na maseneta wetu waliondoa duru ya pili ya uchaguzi wa rais, miezi kumi kabla ya uchaguzi, kwa kuwa jambo hilo halikufungwa. Idadi ya vipindi ilifungwa, na mwaka 2018 Joseph Kabila hakugombea.

Kijana wa Katuba:

Nashukuru sana, Mwalimu, na wewe Yaya Wakili. Mfano huo wa mwisho umenigusa, lakini umenipa pia swali jingine. Uchaguzi huo wa Desemba 2018 ulipaswa kufanyika 2016. Vipindi vilihesabiwa viwili, ila cha pili kilirefuka. Je, Bunge la Uingereza haliwezi kujirefushia muda namna hiyo, kwa huo wingi wa kawaida?

Mama Kamalondo:

Linaweza, mwanangu, na katika karne ya ishirini lilifanya hivyo mara mbili. Bunge lililochaguliwa Desemba 1910 lilidumu hadi 1918, na lile la 1935 likadumu hadi 1945, sababu ikiwa vita kuu vya dunia. Kila mara lilijiongezea muda kwa sheria za muda mfupi mfupi, na vyama vikubwa vilikubaliana.

Ila hapo pana kizuizi ambacho wenzangu hawakukitaja. Mwaka 1909 Baraza la Malodi, yaani baraza la pili la Bunge lao, ambalo wengi waliingia kwa kurithi cheo, lilikataa bajeti ya serikali ya chama cha Liberal iliyotaka matajiri na wenye ardhi walipe kodi zaidi. Nchi ikaenda kwenye uchaguzi mara mbili katika mwaka 1910. Mfalme George V akakubali kwamba, ikilazimu, atateua malodi wapya wa kutosha kuwazidi wakaidi kwa kura, na mwaka 1911 wakasalimu amri. Tangu hapo malodi hawawezi kuua muswada wa fedha, na miswada mingine huicheleweshea muda tu: miaka miwili kwa sheria ile, ukapunguzwa kuwa mwaka mmoja kwa sheria ya 1949. Sheria ya 1911 ilipunguza pia muda wa Bunge kutoka miaka saba hadi mitano. Jambo moja liliachwa nje kwa makusudi: muswada wa kurefusha muda wa Bunge kupita miaka mitano bado unahitaji kukubaliwa na malodi.

Kwa hiyo, Wakili, kufuli mojawapo liko, na funguo wanazo watu ambao hakuna raia aliyewachagua. Mwaka 1999 wengi wa waliorithi viti waliondolewa, wakabaki 92, na Septemba 2024 serikali ya Labour ilipeleka bungeni muswada wa kuwaondoa na hao pia. Mimi naona ni haki waondoke. Lakini wanaotaka baraza zima lifutwe wanapaswa kwanza kusema ni nani atakayeulizwa siku ambayo wabunge watataka kuahirisha uchaguzi wao wenyewe.