Milingoti mipakani mwa mashamba: ipigwe marufuku, au mahindi yanajua kujitetea?

Mchokoza mada

Wakuu, hapa kwetu Njombe kesi ya milingoti (mikaratusi kwa ndugu zetu wa Kenya) imefika baraza la kata. Jamaa kapanda mpakani kabisa, na mistari minne ya mahindi ya jirani yake imebaki njano, haina hata hindi la kuchoma. Mwenye mahindi anadai mti unatema sumu. Mwenye miti anamjibu aweke mbolea.

Mimi naunga mkono marufuku, ila si kwa hoja ya sumu. Ni kweli majani ya mlingoti yana mafuta makali, ile harufu ya dawa ya kuchua, pamoja na asidi zinazochuruzika na mvua na kuzuia mbegu kuota. Lakini mahindi si mnyonge kiasi hicho. Yakifyonza sumu, vimeng'enya vyake (protini zinazoendesha kazi za kikemia ndani ya seli) huibandika sukari au glutathioni, kijimolekuli ambacho mmea hujitengenezea, mpaka makali yapoe, kisha inafungiwa kwenye vakuoli, kile kifuko kikubwa ndani ya seli. Mmea hauna figo wala choo, taka zake unaweka stoo! Kwa vimeng'enya vya aina hiyo mahindi hupona ukipuliza atrazini, ile dawa ya kuua magugu, magugu yakafa. Tena yenyewe yanatengeneza sumu, DIMBOA, na hayajidhuru kwa kuwa huitunza ikiwa imebandikwa sukari.

Kenya mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza miti hii ing'olewe kando ya vyanzo vya maji. Hoja ilikuwa maji, kwamba miti hii huyanywa mno. Na sisi tuseme maji na kivuli, tuwekewe umbali kisheria.

Mama Ulezi

Umesema mahindi kwa sababu mbegu yake nono. Hebu njoo kwenye ulezi. Kambegu kadogo, akiba hakuna, na kizizi cha kwanza kinaanzia humo humo kwenye majani yaliyooza. Kabandike sukari gani wakati sukari yenyewe hakana? Kujitetea ni gharama, ndugu yangu. Usifute hoja ya sumu kwa kuwa zao lako linahimili.

Muuza Nguzo

Mparachichi nao una kivuli. Mbona hamuupeleki barazani?

Bwana Shamba Mstaafu

Tatizo la majaribio mengi ni kwamba mbegu inamwagiwa maji ya majani yaliyolowekwa, kwenye kisahani, bila udongo. Shambani kuna bakteria wanaokula sehemu ya sumu hiyo, na udongo wa mfinyanzi hushika nyingine. Badala ya kubishana, chimbeni mtaro ukate mizizi ya miti kwenye nusu ya mpaka, nusu nyingine fagieni majani tu. Mahindi yakinawiri penye mtaro, mwizi ni mizizi.

Halafu sumu si adui kila mara. Mbita, Kenya, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi. Mizizi yake hushtua mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ziote, kisha huzidumaza kabla hazijang'ata mzizi wa mahindi. Mahindi yapo pale pale, hayadhuriki.

Mchokoza mada

Mama Ulezi, hapo umenikamata, nalifuta lile la kuacha hoja ya sumu. Kwenye umbali sisogei. Mzee, habari ya mtaro nimeifikisha, na wote wawili wamekubali. Sasa wanagombana nani alipe vibarua.