Hesabu za mwaka wa kwanza chuoni: nani aliwaambia sote tunaenda kuwa wanahisabati?

Wakuu, heshima kwenu. Wasimamizi, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "hesabu ni ngumu", maana mimi sisemi hesabu ni ngumu. Nasema tunapigwa.

Nasoma ununuzi na ugavi, sasa niko mwaka wa tatu. Chuo sikitaji, nataka nimalize salama. Mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, kuna kozi ya hesabu ambayo tulirundikwa watu wa fani sita: ugavi, uhasibu, kilimo, utalii, mipango na wale wa kompyuta. Ukumbi mmoja, slaidi zilezile, mtihani uleule. Ukichelewa dakika kumi unakaa kwenye ngazi, na ukikaa ngazi za nyuma ubao huuoni, unasikia kipaza sauti kikikoroma tu.

Siku ya kwanza mhadhiri kaingia, salamu haijapoa, anaandika ubaoni ile maana ya limiti, yaani namba ambayo hesabu inaisogelea, yenye epsiloni na delta, herufi za Kigiriki. Kwa kila epsiloni kubwa kuliko sifuri, ipo delta kubwa kuliko sifuri... Jirani yangu wa utalii akaniinamia: "Oya, hii delta ndiyo ile ya Rufiji?" Nilicheka sana. Sikucheka tena mpaka Septemba.

Sasa angalieni nani walikuwa mle ndani. Kuna waliotoka PCM na EGM, michepuo ya kidato cha tano na sita yenye hesabu, hao hesabu kubwa wamezisoma miaka miwili, dy/dx (ile ya kutafuta kitu kinabadilika kwa kasi gani) wanaipiga wakiwa wanatafuna mihogo. Kuna wa CBG na ECA waliopita na BAM, hesabu nyepesi za Advansi. Halafu kuna sisi wa HGL, historia, jiografia na Kiingereza, ambao mara ya mwisho kushika hesabu ni kidato cha nne, na hesabu za kidato cha nne nchi hii hali yake kila mtu anaijua: 2021 na 2022 waliofaulu walikuwa kama mtu mmoja kati ya watano. D yangu niliitolea jasho. Mhadhiri anafika kwenye sehemu inayotuua, anasema, "Hii mlishaisoma Advansi, au siyo?" Vipanga wa PCM wanaitikia "ndiyooo" kwa niaba ya ukumbi mzima. Anaruka.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa wa kilimo. Mtu wa kilimo anahitaji hesabu, tena sana. Mahindi ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, shina moja kila shimo, hekta moja inaingia mashina mangapi? Elfu kumi za mita za mraba gawanya kwa 0.225, unapata 44,444 na vichenji. Ukikosea hapo mkulima ananunua mbegu pungufu au anamwaga hela. Hiyo jamaa alikuja kuonyeshwa na bwana shamba akiwa fildi, mafunzo ya vitendo, kwa kalamu na kiganja cha mkono. Kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, yeye aliulizwa athibitishe kwamba grafu fulani haikatiki.

Ila hasira yangu mimi iko kwingine. Mwaka wa pili tukaletewa kanuni ya kiasi bora cha kuagiza mzigo. Imeshushwa tu kwenye slaidi, kipeuo cha pili na herufi tatu ndani, "hii mnaikremu, inatoka kila mwaka". Tukaikremu. Nimekuja kugundua mwenyewe, nimekaa juu ya paleti kwenye bohari niliyokuwa nafanyia fildi, kwamba ile kanuni ni dy/dx ileile iliyonitesa mwaka wa kwanza!

Tuseme duka la jumla linauza katoni 3,600 za sabuni kwa mwaka. Kila ukiagiza, usafiri na makaratasi vinakula shilingi 50,000. Kuitunza katoni moja stoo mwaka mzima ni 1,000. Ukiagiza kidogokidogo nauli inakumaliza, ukiagiza zote kwa mpigo stoo inakumaliza. Unaandika gharama yote kwa kufuata kiasi unachoagiza, unapiga dy/dx, unailazimisha iwe sifuri, maana hapo ndipo gharama inaacha kushuka kabla haijaanza kupanda. Inakuja 2 mara 3,600 mara 50,000, gawanya kwa 1,000, tafuta kipeuo cha pili: 600. Maana yake unaagiza mara sita kwa mwaka, kila baada ya miezi miwili. Gharama za kuagiza zinakuwa 300,000. Stoo kwa wastani ina katoni 300, nusu ya mzigo, nayo inakula 300,000. Zile laki tatu mbili zilivyokaa sawasawa kwenye karatasi, nilisimama nikazunguka paleti. Kumbe hiki kitu kina akili!

Aliyeichapisha hiyo kanuni ni mhandisi wa Marekani, Ford Harris, mwaka 1913. Zaidi ya miaka mia moja mfano upo, tena wa sabuni na nauli. Sisi tukapewa dy/dx ya sini ya x kipeo cha tatu, kwa ajili ya nini hakuna aliyesema.

Matokeo yangu ya ile kozi ya mwaka wa kwanza? 36. Mstari ni 40. Fildi nilikuwa Songea, nikapanda basi kurudi kufanya sapu, mtihani wa marudio, bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) limeshakata, nauli nimekopa kwa shangazi. Nikajifungia siku nne na madesa, mitihani ya miaka ya nyuma. Maswali manne kati ya matano yalikuwa ya mwaka juzi, wamebadilisha namba tu. Nikapata C, na sapu haikupi zaidi ya C hata ufanye miujiza. Ile C ni ya kukariri, natangaza hapa hadharani, epsiloni mpaka leo siijui inakula nini.

Najua mnakuja wale wa "acheni uvivu, msingi ni msingi". Sijaomba kupunguziwa. Mtu wa uhandisi apewe mzigo wake wote, daraja lake nitapita mimi. Na wala wa kompyuta hawakufaidi: mantiki, seti na matriksi ndizo zinazowahusu, zikabanwa kwenye wiki mbili za mwisho, mhadhiri anakimbia kama anafukuzwa na mvua.

Mhadhiri mwenyewe simlaumu sana. Mtu mmoja, wanafunzi mia tano na ushee, atunge, asahihishe, na bado ana madarasa ya kwake. Aliyepanga ratiba ndiye nina neno naye. Fani sita kwenye kozi moja ni rahisi kwa anayelipa mishahara, hiyo ndiyo sababu, tusizungushane.

Na hela za kurekebisha mitaala zilitengwa. Mradi wa HEET, wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, ulianza 2021, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na kupitia upya mitaala ya vyuo vikuu ilikuwa sehemu ya kazi yake. Kama walimu hawatoshi, basi mihadhara iachwe ya pamoja, semina zigawanywe kwa fani: sisi tukae na sabuni zetu, kilimo wakae na mashina yao. UE iwe na sehemu A ya wote na sehemu B ya kila fani. Hiyo inahitaji dola ngapi?

NYONGEZA saa nne usiku: Aliyeandika hapo chini kwamba HGL tulijitakia, mkuu, ugavi walinidahili wao, vigezo waliviandika wao. Na mliojaa inboksi mnaomba madesa, nimeyaona maombi yenu. Nina ya miaka minne, nayatuma kesho nikipata bando. Ukurasa wa mwaka juzi swali la tatu lina doa la chai, ile namba ni 8, siyo 3. Mimi iliniponza kwenye testi.