Naomba ushauri: antena ya pande zote kwa Rocket M5 za zamani, Pemba

KijanaWaKaskazini
Assalam alaykum wakuu. Nina redio mbili za Ubiquiti, Rocket M5 zile za zamani zenye konekta mbili za RP-SMA. Zilitolewa hoteli moja Unguja walipobadilisha mitambo yao, na zinawaka vizuri. Nataka kuwagawia watu intaneti kijijini kwetu, kaskazini mwa Pemba, si mbali na Konde. Kila mteja nitamfungia NanoStation, redio ndogo ya kupokea, juu ya bati. Nimekwama kwenye antena ya pande zote: nichukue yenye kipimo cha 10 dBi au ya 13? Naomba majibu leo, kuna mtu ananisubiri.

FundiWaPaa
Waalaykum salaam. Hapo hujauliza kitu bado. Antena unaifunga urefu gani? Mteja wa karibu yuko umbali gani, na wa mbali? Bahari iko upande gani?

KijanaWaKaskazini
Ipo juu ya kutosha mkuu. Wateja ni wa kawaida, kijiji chote. Swali langu ni 10 au 13 tu.

MzeeWaMkoani
Kijana, anza na betri. Mie nilikuwa na chumba cha intaneti Mkoani zama za majenereta, kabla ya ule waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga haujaja 2010. Watu wanakuja kuangalia matokeo ya mitihani ya watoto, ukurasa unafunguka nusu, umeme huo, kwaheri. Mtu anasimama mlangoni anadai dakika zake kama anadai mahari. Kuna bwana mmoja mpaka leo tukikutana gatini ananikumbusha. Antena baadaye.

BiMkubwaWete
Kwani si kila mtu ana bando kwenye simu yake? Vijana mnapenda kujitafutia tabu.

FundiWaPaa
Bado sijajibiwa. Nakuuliza urefu kwa sababu hizo dBi haziongezi nguvu, zinaubana mwale tu. Omni, yaani hiyo antena ya pande zote, ya 10 mwale wake wa wima ni kama digrii 12, ya 13 ni kama digrii 7. Wewe wa Konde unaujua mnara wa taa wa Ras Kigomasha: nahodha baharini anauona mwanga, aliyekaa chini ya mnara unampita juu ya kichwa. Sasa niambie, ni mlingoti, nyumba ya ghorofa, au nini?

KijanaWaKaskazini
Haya. Ni mnara wa msikiti. Kama mita 25 hivi.

UstadhWaMtandaoni
Subhanallah! Mnara wa kuadhinia unautundikia biashara? Hiyo ni mali ya wakfu. Kamati imeridhia?

KijanaWaKaskazini
Nimeshazungumza na muadhini, hana neno. Kamati nitawaona. Na madrasa nitawapa bure kabisa, kwa hiyo ni kheri pia, sheikh.

UstadhWaMtandaoni
Muadhini si kamati. Na kheri haianzi kwa kificho.

ChekaNaMie
Msikiti utajaa, ila ngazini, watu wameinua simu wanatafuta neti.

FundiWaPaa
Hao wa ngazini hawatapata kitu. Rocket M5 ikiwashwa airMAX, utaratibu wa Ubiquiti wenyewe wa kuunganisha redio zao, simu haiungi, mpaka kifaa kinachoelewa airMAX.

Turudi kwenye mita 25. Kwa omni ya 13, chini ya usawa unabaki na digrii tatu na nusu. Piga hesabu: mwale unagusa ardhi kwenye mita 400 hivi. Kwa ya 10 ni kama mita 240. Zipo zilizoinamishwa digrii chache tangu kiwandani, soma karatasi yake, lakini picha ni hiyo. Nyumba nyingi ziko umbali gani na msikiti?

KijanaWaKaskazini
Nyingi ndani ya mita 300. Lakini zipo nyengine mbali, ng'ambo ya mashamba. Na ya 13 nimeshaitolea arbuni Darajani. Muuzaji kasema ndiyo yenye nguvu.

FundiWaPaa
Nilijua kuna arbuni. Muuzaji hakai kijijini kwenu. Watu wa karibu watashika mabaki ya pembeni ya mwale: leo inakwenda, kesho haiendi, nawe utailaumu redio. Hao wa ng'ambo ya mashamba nao, kama njiani kuna minazi na mikarafuu, 5 GHz haipenyi majani hata ukiweka ya 13.

Halafu utaifunga wapi? Ukiibana ubavuni mwa mnara, zege lenyewe linaziba upande mmoja, hapo pande zote hamna tena. Ukiipandisha juu ya kuba, umeikaribisha radi kwenye amplifaya ya adhana. Mie ningesimamisha bomba la mita 12 kwenye nyumba iliyo kati ya kijiji, omni ya 10, waya wa ardhi, bolti za stenlesi. Mwale utagusa chini kwenye mita 115 hivi, na hao wa ndani zaidi wako karibu kiasi kwamba mabaki yanawatosha. Na hujanijibu bahari iko wapi.

KijanaWaKaskazini
Magharibi, moja kwa moja. Lakini bomba ni gharama, mnara upo tayari.

FundiWaPaa
Yaani nusu ya omni unawapelekea samaki! Una redio mbili. Tafuta antena mbili za sekta za digrii 90, zielekeze kwa watu, chaneli tofauti. Sekta unaiinamisha kwa mkono mpaka ikae sawa, na haisikilizi kelele za kila upande kama omni. Na kabla hujapanda popote, sasisha programu ya hizo redio. 2016 kulikuwa na kirusi kilichokuwa kinaingia kwenye Ubiquiti za toleo la zamani na kuzifuta.

MtotoWaNgezi
Ngojeni kwanza. Mie nimezaliwa Konde. Mnara wa msikiti wa mita 25 pande hizo uko wapi? Akaunti ya jamaa ni mpya, redio za hoteli, muadhini kakubali, arbuni Darajani, kila kitu kimejipanga kama mchezo wa redio. Huyu ni muuzaji wa antena anapima soko. Keshokutwa mtamsikia "wakuu, mzigo umeingia".

ChekaNaMie
Na mie nilishangaa, mtu wa Pemba anaomba jibu leo leo.

BiMkubwaWete
Nilisema mie, tabu za kujitafutia.

KijanaWaKaskazini
Nimesema si mbali na Konde, sikusema Konde. Na mita 25 nimekisia, sikupima kwa kamba. Redio hizi hapa mezani. Ya kwanza, uzi wa konekta ya kulia umeota ukijani wa chumvi, nausugua kwa mswaki na spiriti. Ya pili nilipofungua kifuniko cha waya nimekuta maganda mawili ya mayai ya mjusi yameganda juu ya tundu. Toleo la programu linaanza na XM. Muuzaji gani atatunga mayai ya mjusi?

MtotoWaNgezi
Muuzaji mzuri.

MzeeWaMkoani
Mayai ya mjusi ni kweli, mie nilikuwa nayakuta mpaka ndani ya printa. Kijana, leseni ya TCRA ya kuuza intaneti unayo?

KijanaWaKaskazini
Hilo nalifuatilia, mzee wangu.

UstadhWaMtandaoni
Kama kamati.

UpepoWaPaje
Samahani kuingilia. Mie niko Paje, ardhi tambarare, mlingoti mfupi, wateja wangu wa karibu wako kama nusu kilomita. Hiyo ya 13 uliyoitolea arbuni, ukiiachia unataka kiasi gani?

KijanaWaKaskazini
Njoo PM.

MtotoWaNgezi
😂😂 Si nilisema?