Klayenti 40: kusasisha kivinjari peke yake bila kutuma imeji nzima

seva_ya_ghorofani
Wadau, ofisi iko Industrial Area, Nairobi: klayenti nyembamba 40 za Linux (kompyuta ndogo zinazotegemea seva), kila moja ina flashi ya GB 8. Kivinjari kikitoa toleo jipya inabidi nisukume imeji yote (faili la mfumo mzima), GB 1.2. Swichi ni ya Mbps 100, na waya wa seva vilevile. Mtandao unakwama asubuhi nzima, na kila mara mashine mbili tatu zinagoma kuwaka. Imeji inaweza kukatwa vipande?

KeboNne
Piga hesabu. GB 1.2 mara 40 ni GB 48, na waya mmoja wa Mbps 100 hauwezi kuzimaliza chini ya saa nzima. Kivinjari kikiwa moduli ya SquashFS (faili lililobanwa, la kusomwa tu) ya MB 90, zote 40 zinamaliza kwa dakika tano au zaidi kidogo.

Msingi uwe faili moja lisiloguswa, kivinjari kiwe na lake, yapachikwe kwa overlayfs, inayoyapanga kwa tabaka yaonekane kama folda moja, wakati wa kuwaka. Angalia mpangilio wa lowerdir (orodha ya tabaka hizo): la kushoto ndilo la juu. Ukigeuza, kivinjari cha zamani kilichobaki kwenye msingi kitafunika kipya, utasumbuka siku nzima ukidhani sasisho halikufika.

Madereva usiyatenge na kerneli (kiini cha Linux). Yasipolingana na toleo la kerneli linaloonyeshwa na `uname -r` hayapakiki, na ikiwa ni ya kadi ya mtandao basi utaizungukia kila meza na flashi mkononi.

fundi_wa_rafu
Hizo zinazogoma, nashuku stima hupotea au mtu huzima mashine katikati ya kuandika. Usiandike juu ya faili linalotumika. Pakua kwa jina `kivinjari.sqfs.mpya`, linganisha `sha256sum` (alama ya kuhakiki faili) na ya seva, piga `sync` data yote iandikwe kwenye flashi, ndipo `mv`. Kwenye mfumo wa faili wa ext4, ndani ya patisheni ileile, `mv` hubadilisha jina kwa mpigo mmoja: utakuta la zamani au jipya, si nusu. Acha nafasi ya yote mawili, maana la zamani halifutiki hadi mashine izimwe.

Na zisipakue zote kwa pamoja: `sleep $((RANDOM % 900))` mwanzoni mwa skripti, ukiwa na bash, ili kila moja isubiri muda wake wa bahati nasibu, chini ya dakika 15.

seva_ya_ghorofani
Asanteni. Moja inakataa kupakua kwa HTTPS, inadai cheti bado hakijaanza kutumika.

fundi_wa_rafu
Andika `date`. Ikionyesha mwaka wa nyuma sana, batri ya bodi imekufa. Ni CR2032, Luthuli Avenue zimejaa. Ukishabadilisha, rekebisha saa kisha `hwclock -w` kuihifadhi kwenye bodi.