Mrejesho: njia ya bustani yenye jina la mwanajeshi mstaafu

Awali niliuliza namna ya kuandaa njia ya miguu bustanini ya kumuenzi mwanajeshi mstaafu wa mji wetu. Nawashukuru mlionisisitizia kulinganisha cheo na hati zake za utumishi, kwani tulikuwa tumeandika “Sajini” ilhali alistaafu akiwa Koplo, na familia ilifarijika kwamba kosa lilisahihishwa kabla herufi hazijachongwa kwenye kibao cha shaba. Mwinuko nao tumeupunguza usizidi mita 1 kwa kila mita 20, na kokoto tumeziondoa, maana magurudumu madogo ya mbele ya kiti cha magurudumu cha mwenzake wa kikosini yalikuwa yakizama. Kibao chenyewe, kwa maoni yangu, kimelazwa mno: maji ya mvua hutuama ndani ya herufi.